Balbu ya Ngazini

Kwa mkuu wa kituo, kesi ilikwisha kabla chai yake haijapoa.

"Mtu amekiri," alisema, akimsukumia Inspekta jalada juu ya meza. "Amesema mwenyewe, hajaguswa hata ukucha. Sasa unataka nini zaidi, aimbe? Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani. Jioni nikilikuta jalada hili bado liko kwako, tutakosana."

Inspekta alilichukua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyejua kutulia. Hata akiketi, mkono wake wa kulia ulichezea rundo la funguo, na wenzake walijua anakuja kabla hajatokeza kwenye kona. Siku akiwa na jambo linalomkera, funguo hizo hazikunyamaza. Asubuhi hiyo zilikuwa zikilia tangu getini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumanne, giza likianza kuingia, mwandishi wa mchezo wa redio ambao kila Ijumaa huwafanya watu waache vyungu viungue jikoni alikutwa chini ya ngazi za jengo analoishi, kichwa kimepasuka, fahamu hana. Jina lake halisi lilishasahaulika. Majirani na wakubwa wake kazini wote walimwita Mtunzi. Alikuwa hospitali, anapumua, hajafumbua macho. Aliyekiri ni fundi baiskeli mwenye kibanda chake chini ya jengo lile lile.

Nje ya ofisi, kwenye benchi ya wageni, mke wa fundi alikuwa ameketi na redio ndogo mapajani. Tangu mumewe alipokamatwa hakuwa amebanduka pale ila kwenda kumpikia. Alimwona Inspekta, akainuka.

"Dada afande, mume wangu hawezi kumsukuma mtu. Hata kuku nyumbani nachinja mimi."

"Mbona amekiri?"

"Sijui kimempata nini. Usiku alinitazama tu akasema, mama watoto, nimeua. Nimekaa hapa najiuliza Shangazi angeniambia nini." Aliipapasa redio. "Yule Shangazi wa kwenye mchezo. Yeye hana neno gumu kwa mtu."

Inspekta aliitikia kwa kichwa akaenda mahabusu.

Fundi alikuwa ameketi sakafuni, viatu havina kamba, kucha zimeshika grisi ambayo hakuna sabuni ingeitoa. Kabla ya kusema lolote alikohoa mara tatu, kikohozi kifupi cha mtu anayetaka kutaja bei.

"Amekufa?"

"Anapumua. Niambie ulivyomsukuma."

Fundi alimkodolea macho. "Nani kamsukuma? Mimi sikumgusa. Nilisema nimemwangusha."

"Kuna tofauti gani?"

"Balbu, afande."

Inspekta alifungua jalada akasoma tena. Hapakuwa na balbu. Aliyechukua maelezo alikuwa ameandika *nilimwangusha*, akapiga mstari chini yake kwa furaha, akaenda kula.

"Nieleze tangu mwanzo," Inspekta akasema.

"Unausikiliza mchezo wake?"

"Sina nafasi."

"Basi mle ndani kuna fundi baiskeli. Mwizi. Ukimpelekea baiskeli ina kengele, inarudi haina. Na huyo mwizi, kabla ya kutaja bei, anakohoa mara tatu." Fundi alikohoa, akajishtukia, akashika mdomo. "Unaona? Kila mtu alijua ni mimi. Wateja wakaanza kuhesabu spoku za magurudumu kabla ya kuondoka. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu kabisa, aliniletea baiskeli akavuta kiti akakaa kuilinda. Nikapanda kwa Mtunzi kumlalamikia. Akacheka. Akasema, bwana wee, ni redio tu."

"Ukafanya nini?"

"Nikawa naitoa balbu. Ile ya ngazini, karibu na mlango wake. Jioni naichomoa, asubuhi naamka mapema nairudisha, asijue ni nani. Nilitaka agonge kidole, afande. Kidole tu. Na yeye aumie pahali ambapo hawezi kumwonyesha mtu. Jumanne nikasikia kishindo. Nikajua ni balbu. Nilipaswa kutoka nje, lakini nilikimbilia nyuma ya kibanda nikajifunika turubai mpaka watu walipopiga kelele."

"Hukuona aliyeshuka?"

"Nilikuwa nimefumba macho."

Inspekta alimtazama kwa hasira na huruma pamoja. Kesi za namna hii alizijua kama kiganja chake. Kwenye riwaya mlipa kisasi hubadilisha jina, huvuka nchi, huoa katika ukoo wa adui, kisha husubiri nusu ya maisha yake apate dakika moja. Mitaani watu hawana muda huo. Mtaani mtu humwaga maji machafu mahali jirani anapoanika nguo, humfungulia mbwa lango, huchomoa balbu, kisha hulala usingizi mtamu. Mara moja moja tu ndipo kidole kinapogeuka kuwa kichwa.

"Balbu iko wapi sasa?"

"Kwenye kopo la nati, chini ya meza yangu."

"Mtunzi alipasuka kisogo," Inspekta alisema, nusu akijisemea. Funguo zikaanza tena.

Koplo alikuwa akimsubiri kwenye jengo. Alikuwa mtu mnene, mwaka wake wa mwisho kazini, na katika kituo kizima hakuna aliyeupenda ule mchezo kama yeye. Alishaiokota balbu akaizungushia gazeti.

"Panda mpaka mlangoni kwake," Inspekta alimwambia, "kisha ushuke kama mtu asiyeona."

Koplo alishuka huku amefumba macho, mkono ukutani, akihema, Inspekta akimfuata nyuma.

"Ukikosa kidato utaangukaje?"

"Kwa makalio, afande. Au kwa pua, inategemea siku."

"Kisogo?"

Koplo alisimama katikati, akafikiri, kisha akageuka polepole akamtazama aliyekuwa juu yake, yaani Inspekta mwenyewe. Macho yakamtoka.

"Mpaka niwe nimegeuka hivi."

"Na mtu anageukia juu ngazini kwa nini?"

"Anaongea na mtu aliye juu yake."

"Na Mtunzi alikutwa na soksi tu miguuni," Inspekta alisema. "Hakuwa anakwenda mahali. Alikuwa anamfuata mtu, akampita, akamzibia njia. Balbu haikumsukuma mtu huyu, Koplo."

Waliingia ndani. Sebule ilikuwa na meza, kiti cha mikono kilichobonyea, vitabu mpaka darini, na dirisha kubwa. Skripti ya kipindi cha Ijumaa ilikuwa juu ya meza, mahali Koplo alipoiweka siku ile ya kwanza.

"Niliikuta sakafuni, pale chini ya dirisha," alieleza. "Nikajua walipigana, karatasi zikatawanyika. Lakini nilipiga picha kwanza, usinitazame hivyo."

Alitoa simu. Inspekta aliitazama ile picha muda mrefu. Karatasi zilikuwa sakafuni kweli, lakini hazikutawanyika. Zililaliana mahali pamoja, nyingine imechungulia huku, nyingine kule, zote maandishi yametazama juu.

"Wewe ndiye uliyezipanga kwa mfuatano?"

"Sikuzipanga. Niliziokota lundo zima kama lilivyo, nikakuta ziko sawa. Ya kwanza chini kabisa, nyingine juu yake, mpaka ya mwisho."

"Si ya mwisho. Maneno yamekatika katikati."

Koplo alitazama chini kwa aibu. "Najua. Nilisoma kidogo, Mungu anisamehe. Nilitaka kujua Ijumaa kutakuwa na nini. Inaishia pabaya sana, afande. Yule mwovu aliyemgonga mtoto wa Shangazi kwa gari akatoroka, amerudi. Mvua inanyesha. Amebisha hodi kwa Shangazi, mkononi ana kiatu kimoja cha yule mtoto. Shangazi anafungua mlango. Basi, pale pale karatasi zikaisha. Sijalala."

Inspekta alikuwa akizipitisha karatasi vidoleni moja moja. Kila moja ilikuwa imekunjwa kona ya chini, kijikunjo kidogo kilichoinuliwa juu. Alijaribu kukibana. Karatasi ilimfuata kidole bila kutoa mlio.

"Watu wanaopigana hawaangushi karatasi kwa mfuatano," alisema.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mwalimu mstaafu ambaye hakutoka nyumbani jua likishazama. Aliwapokea mlangoni na miwani mkononi. Alipoulizwa kama Jumanne alisikia ugomvi, alitikisa kichwa.

"Ugomvi hapana. Nilisikia redio yake. Ule mchezo."

"Jumanne?" Koplo aliruka. "Mchezo ni Ijumaa, mwalimu!"

"Hata mimi nilishangaa. Nikasema labda ni marudio. Maneno hayakupenya ukutani, lakini ukiwasikiliza kila wiki unajua wanavyoongea, si kama mimi na wewe. Kisha ikazimwa ghafla. Ikaniudhi, maana nilishatega sikio."

Inspekta alirudi sebuleni kwa Mtunzi karibu akimbie. Alifungua kabati, akachungulia chini ya meza, akaenda chumbani, akarudi.

"Redio iko wapi?"

"Hana," alisema Koplo. "Aliwahi kusema gazetini kwamba akijisikia hewani anapata kichefuchefu." Kisha uso wake mpana ukaanza kubadilika. "Kama hana redio..."

"Kulikuwa na mtu hapa anayesoma kwa sauti. Mtu ambaye akisoma, jirani anadhani ni redio."

"Jabali!" Koplo alipiga paja. "Yule anayecheza yule mwovu! Mtunzi alikuwa anataka kumwondoa mwisho wa mwezi, amekwisha kabisa, na walirushiana maneno studio mbele ya watu. Kwenye mchezo mtu kama huyo ndiye—"

"Kwenye mchezo," Inspekta alisema, na alishaanza kushuka ngazi, funguo zikipiga kelele mbele yake.

Mlangoni mwa studio kulikuwa na kikapu. Mwongozaji wa mchezo, kijana aliyekonda kwa wasiwasi, alimnyooshea Inspekta kikapu hicho kama mtu anayeomba sadaka.

"Samahani, afande. Saa, bangili, simu ambazo hazijazimwa mlio, funguo. Kila kinacholia. Tuko nyuma sana, kipindi cha kesho tunakirekodi leo."

Inspekta aliziweka funguo kikapuni kwa shingo upande. Tangu hapo mkono wake wa kulia haukujua pa kukaa. Aliuingiza mfukoni, akautoa, akaushika kwa mwenzake.

"Skripti mmeipata wapi?"

"Mtunzi alikuwa ameshanitumia kwa barua pepe Jumanne mchana. Namshukuru Mungu."

Jabali alikuwa jitu la kutisha mpaka alipofungua mdomo. Sauti iliyowatia watoto hofu Ijumaa, leo ilitoka ya upole, ya mtu anayeomba radhi kwa kuchukua nafasi kubwa. Juu ya jicho alikuwa na plasta.

"Nani kakupiga?"

"Mama mmoja sokoni, na mwavuli. Jumanne hiyo hiyo. Aliisikia sauti yangu nikiulizia vitunguu, akasema, hii ni ya yule mtoto, akanitwanga. Nilikuwa zahanati nashonwa mpaka giza. Muuguzi naye alinishona kwa hasira."

"Uligombana na Mtunzi."

"Niligombana, ndiyo. Lakini afande, akiniondoa ndipo nitaweza kununua kitunguu kwa amani. Nilimaliza hasira njiani."

Koplo, aliyemchukia mtu huyu kwa miaka, alionekana kama aliyedhulumiwa. Inspekta aliuliza swali moja tu zaidi.

"Skripti yako iko wapi?"

Jabali aliinua simu, imezimwa mlio, herufi zimetanuliwa mpaka neno moja lilijaza kioo. "Karatasi siku hizi nani anazishika? Sote tunasoma humu. Ila yeye."

Alielekeza kwa kidevu. Pembeni, kwenye kochi kuukuu, mama mmoja aliyevuka makamo, kilemba cheupe, alikuwa na rundo la karatasi magotini. Alikuwa akizikunja kona moja moja, taratibu, kama anayekunja nguo za mtoto. Koplo alivua kofia.

"Shikamoo, Shangazi," alisema.

"Marahaba, baba." Ilikuwa sauti ile ile iliyosuluhisha wagomvi wa nchi nzima kila wiki. Aliinua macho kwa Inspekta. "Na wewe mwanangu, hulali. Inaonekana."

"Kwa nini unakunja, mama?"

"Kidole kipate pa kushika. Karatasi ikilia, msikilizaji anajua anasomewa, raha inamwisha."

"Na simu?"

"Simu inaweza kuita. Karatasi haiiti."

Inspekta alicheka kwa adabu. Aliitazama kona ya karatasi ile, kijikunjo kidogo kilichoinuliwa juu, na akatamani asingekuwa amekiona. Angeweza kumuuliza pale pale. Lakini kukunja karatasi si kosa la jinai, na mama huyu angesema alimwachia Mtunzi karatasi hizo wiki iliyopita, na jalada lingerudi kwa mkuu likiwa na fundi ndani yake.

"Tuanze, tafadhali," mwongozaji alisihi.

Inspekta na Koplo walisimama nyuma ya kioo. Upande wa pili, Shangazi na Jabali walisimama kila mmoja mbele ya maikrofoni yake. Mtengeneza milio alimimina mchele kwenye sinia, na kwenye spika mvua ikanyesha. Jabali alifungua mdomo na upole wote ukamtoka. Koplo alisogea nyuma hatua moja.

Shangazi alisoma akiwa amesimama wima, karatasi usawa wa kifua. Alipomaliza ya kwanza hakuigeuza. Alifungua vidole tu, ikashuka kimya ikalala sakafuni, maandishi juu. Akaendelea bila kusita. Ya pili ikafuata, ikalalia ile ya kwanza, imechungulia kidogo upande. Kisha nyingine. Hakuna kilichosikika kwenye spika ila mvua na sauti yake.

Inspekta alinyoosha mkono, Koplo akampa simu, na wote wawili wakaitazama picha, kisha sakafu, kisha picha. Koplo alijiziba mdomo kwa kofia yake.

"Hapana," alinong'ona. "Si yeye. Muulize mwingine, afande. Si yeye."

Mle ndani, Jabali alibisha hodi kwenye kipande cha mbao. Karatasi moja zaidi ilianguka. Mlango ulifunguliwa. Jabali alisema amekuja na kiatu, amekibeba miaka yote, hana la kujitetea. Kisha palikuwa na mvua peke yake.

"Shangazi, ni wewe," mwongozaji alisema kwenye kipaza sauti.

Mvua iliendelea.

"Shangazi. 'Nimekusamehe, mwanangu, ingia ndani.' Iko hapo juu kabisa."

"Naiona."

"Basi tuipate, mama, muda unatutupa mkono."

"Jumanne pia niliiona," alisema Shangazi.

Mwenye mchele aliacha kumimina. Inspekta alisukuma mlango mzito akaingia, akasimama kando ya lile lundo la karatasi asilikanyage.

"Ulisomea dirishani," alisema kwa upole. "Kwa ajili ya mwanga."

"Macho yangu yanataka mwanga." Shangazi bado alikuwa ameshika karatasi zilizobaki. "Aliniita nyumbani. Alisema hii sehemu ni nzito, tuifanyie mazoezi. Yeye aliketi na kufumba macho, mimi nikasoma. Hajawahi kunipa skripti mapema. Anapenda nikikutana nayo moto. Nikawa nasoma, naona mvua, naona mlango, naona kiatu. Nikajua ni cha nani."

"Cha nani?"

"Cha mwanangu." Aliyasema maneno hayo bila kuigiza chochote, na kwa hiyo yalitoka madogo. "Mwanangu aligongwa na gari, mwenye gari akakimbia. Baada ya miaka akaja mwenyewe mlangoni kwangu, na kile kiatu. Kilibaki kwenye gari lake. Akaniomba msamaha. Nilimfungia mlango mtu yule. Sikukipokea hata kiatu. Hilo nilimwambia mtu mmoja tu duniani, tukinywa chai hapo kwenye kochi, kwa sababu alikuwa msikilizaji mzuri."

Jabali alikuwa ameishusha simu yake. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye plasta.

"Nilimwambia Mtunzi aitoe," Shangazi aliendelea. "Nikamwomba kwa magoti. Akasema, Shangazi, ni redio tu. Redio tu! Yule mwenye gari ana redio. Angekaa kwake Ijumaa, na watoto wake, anisikie mimi, kwa sauti yangu mwenyewe, nikimwambia nimekusamehe, ingia ndani. Sikuwa na kitu kingine cha kumlipa. Sina nguvu, sina wakili, gari lenyewe liliuzwa vyuma chakavu. Nilikuwa na neno moja la kumnyima. Nimemnyima miaka yote. Na huyu alitaka kumpa bure."

"Ukachukua karatasi zilizobaki ukaondoka."

"Nikaondoka. Akanikimbilia, akanipita ngazini, akaniziba. Gizani. Akashika karatasi, nami nimeshika. Akateleza..." Alitikisa kichwa. "Hapana. Nimeigiza maisha yangu yote, hili nitalisema lilivyo. Nilimsukuma. Mikono yote miwili. Hapa tukitaka mtu aanguke tunatupa gunia la mchanga. Haifanani. Kisha nikamruka nikaenda zangu."

Koplo alikuwa amesimama mlangoni, kofia bado mdomoni.

"Na ukajua kuna mtu amekamatwa," Inspekta alisema. Sasa hasira ilikuwa imempata, na hakuificha. "Mke wake analala kwenye benchi yetu na redio mapajani, anakungojea wewe umwambie la kufanya."

"Nilijiambia mtu asiye na kosa ataachiwa."

"Alikiri."

"Akiri nini? Hakuwepo!"

"Ndiye aliyekuwa akichomoa balbu. Mtunzi alimweka na yeye redioni. Alitaka agonge kidole."

Kwa mara ya kwanza, mikono ya Shangazi ilianza kutetemeka, na karatasi alizoshika zikalia kwenye maikrofoni, zikasikika chumba kizima.

"Kumbe," alisema. "Kungekuwa na taa, ningemwona usoni. Sijui, mwanangu. Mtu ukimwona usoni..."

Aliziweka karatasi juu ya kiti, akavua bangili moja aliyoisahau mkononi, akampa mwongozaji amwekee.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mapya mara mbili, akauliza kama mke wake mwenyewe, msikilizaji wa kila Ijumaa, lazima ajue, kisha akatia saini. Jioni ilikuwa bado na jua. Kaunta, fundi alirudishiwa mkanda, kamba za viatu, na kitu kilichozungushiwa gazeti. Hospitali walikuwa wamepiga simu: Mtunzi amesogeza vidole, tusubiri.

Kwenye benchi, mke wa fundi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja huku akifunga vyombo. Redio ilikuwa imewashwa. Studio hawakuwa na kipindi kipya, walishaanza kutangaza marudio ya zamani, na kati ya tangazo na tangazo sauti ya Shangazi ilipita, tulivu, ikimwambia mtu asiweke kinyongo.

"Msikie," mama yule alimwambia Inspekta, akiongeza sauti. "Si nilikwambia? Kwani ni nani aliyefanya unyama ule, dada?"

Koplo, nyuma ya Inspekta, aligeukia ukuta.

"Utasikia," alisema Inspekta. "Nenda kwanza ukapumzike."

Fundi alikuwa hajasogea kaunta. Alilifungua lile gazeti, akaishika balbu kwa mikono miwili, akakohoa mara tatu.

"Afande, naambiwa si mimi. Nashukuru. Lakini niambie ukweli, sitalala. Kama taa ingekuwepo?"

Inspekta aliziminya funguo kiganjani mpaka zikanyamaza.

"Irudishe," alisema. "Nenda sasa hivi, kabla giza halijaingia."